Mguu wa Kati wa Herufi ya Anselmo

Ndugu na majirani mliokuja kumsindikiza baba mkwe wangu, mimi Yanina, mke wa Darío, familia imenituma niwasomee maisha yake, naomba mnivumilie, shule yangu iliishia msingi.

Anselmo Bruzzone alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika mji wa Cañada de Gómez, mtoto wa tatu wa fundi wa reli, akasoma hapo hapo hadi mwaka 1963, na tarehe 2 Februari 1966 akaanza kazi Rosario katika karakana ya mabango, akichonga vibao vya milango kwa mashine yenye ncha ya duara, ndiyo maana herufi alizozipenda hazikuwa na pembe kali.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Nélida Foressi, wakajaliwa Graciela na Darío. Karakana ilipofungwa mwaka 1998 alikaa jikoni akachora herufi zake mwenyewe, bila vijimkia kwenye ncha, miisho yake ya duara, kila moja ndani ya kisanduku cha upana uleule, iwe i nyembamba au m nene, akaziita Nélida, na leo mnazisoma kwenye ubao wa saa za mabasi na vibandiko vya chupa za dawa, na vijana wa kompyuta wanazipenda kwa kuwa husimama sawa juu hadi chini. Ila m ndogo haikumridhisha, miguu mitatu imebanwa hadi ikawa doa jeusi, na kila alipoiona alisema, "Maskini huyu, hapumui."

Machi 2019 mikono yake ililegea, madaktari wakasema ni ugonjwa wa neva usio na tiba, ikafuata miguu, ikafuata sauti, na kufikia Agosti 2021 yalibaki macho tu, akili nzima ikiwa imefungiwa ndani. Darío alichapa herufi za Nélida kwenye karatasi, zikajipanga safu kwa safu, mimi nikipitisha kidole, yeye akifumba jicho nikifika kwenye herufi anayoitaka. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya, nami sikutoka ndani, tukawa wafungwa wawili, lakini yeye ndiye aliyeniuliza kila siku, "Umekula, binti?", swali la dakika nne.

Mei mwaka huu aliomba tuitengeneze m. Nikamwambia, "Baba, mimi kompyuta siijui," akajibu, "Afadhali, hutanibishia." Wiki sita nilisogeza mistari kwa amri ya jicho lake, nikiharibu ananiandikia, "Punda wewe," na mama Nélida anacheka huku akimlowesha midomo kwa chai chungu ya majani ya yerba. Tarehe 28 Juni aliandika, "Wa kati. Ufupishe." Nikaufupisha mguu wa kati usifike chini, weupe ukaingia, akaitazama muda mrefu, kisha akafumba macho yote mawili, jambo ambalo kwetu lilikuwa "ndiyo" kubwa. Alifariki nyumbani tarehe 3 Julai 2023, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru daktari aliyebisha hodi chumbani kwake kila mara, ingawa alijua hatajibiwa, na jirani yetu don Hilario aliyekisukuma kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni kila Jumapili aone barabara, na wenzake wa karakana waliochonga kibao cha kaburi usiku wa kuamkia leo kwa herufi za Nélida. Jina Anselmo lina m moja, mkipita itazameni, chini ya mguu wa kati pana nafasi.

Pumzika kwa amani, baba, na upumue.