Mzee Fundo wa Geti la Kuni

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za masufuria. Leo tunamkumbuka mtu aliyezijua kuni za jikoni mwenu kuliko nyinyi wenyewe. Mlinzi wa geti la msitu wa serikali. Mlinzi wa geti kwa miaka ishirini na sita. Wengi wenu mlimwita Mzee Fundo. Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, akiwa kazini. Alikuwa ameketi kwenye benchi lake, kitabu cha vibali kikiwa magotini. Moyo ulisimama. Hakumsumbua mtu.

Jina lilitokana na kamba yake. Kamba ya katani yenye mafundo mawili, moja la kupimia unene wa kuni, jingine la kupimia mzigo mzima. Maana kuni za msitu ule zina sheria. Ni za kupikia nyumbani tu. Unaokota zilizoanguka zenyewe na kukauka. Mti uliosimama hauguswi, hata uwe mkavu kama mfupa. Mizigo miwili kwa mwezi kwa kila kibali. Haziuzwi. Hazigawiwi. Tunarudia kwa faida ya wale ambao masikio yao huziba wakifika getini, na mnajijua: mizigo miwili, haziuzwi, hazigawiwi.

Mzee Fundo hakuangalia sura ya mtu. Siku moja mama mkwe wake alipita na mzigo, ndani yake kuna tawi bichi. Mzee akainama kwa adabu zote za ukwe, akalichomoa. "Mama, hili bado linapumua," akasema. Mama mkwe akaenda zake. Inasemekana aliitikia salamu yake tena baada ya mavuno mawili.

Lakini aliyeonja ukali wa kamba ile kuliko wote ni mkewe. Mwezi uliopita binti yao alijifungua. Maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni, na kuni zikaisha kabla ya mwezi kuisha. Mama wa binti akaingia msituni mara ya tatu. Getini akamkuta mumewe, na nyuma yake foleni ya majirani.

"Mama, shusha mzigo," mzee akamwambia, kama anavyomwambia mtu yeyote.

"Baba watoto, ni mimi."

"Nakuona. Kibali kinasema miwili."

Akashusha. Akarudi nyumbani kichwa kitupu, akipita katikati ya macho ya watu. Siku nne akampikia mumewe bila kumsemesha. Mzee naye hakujitetea. Alichukua shoka, akapasua meza yake mwenyewe, ile aliyoipenda ya kunywea chai, akachemsha maji ya mjukuu. Siku ya tano wakaanza kuongea. Waliongea habari za mtoto, za bati linalovuja, za kila kitu. La getini hawakuligusa. Mama alijiambia ataligusa siku moja, hasira zikipoa vizuri.

Ndipo ikaja Jumanne.

Nyumba ikajaa waombolezaji, wasikilizaji wapendwa, na jikoni hakuna kuni. Mizigo miwili ya mwezi huu ilikuwa imekwisha. Walinzi vijana, wenzake marehemu, wakaja kofia mkononi. Wakamwambia mama kwamba geti liko wazi, achukue anazotaka, leo hakuna wa kuhesabu.

 Mwezi mmoja tu uliopita, angetoa chochote asikie maneno hayo.

"Fungeni geti," akasema. "Nikizipitisha leo, basi siku ile alinionea. Na hakunionea. Sikuwahi kumwambia."

Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Dada yake marehemu, mwenye ulimi usiojua matanga, akauliza, "Wifi, sasa wageni tuwape unga waulambe?" Watu wakacheka huku wakifuta machozi. Jibu alilitoa jirani, fundi cherehani. Alisema kuni hazigawiwi, sawa, lakini hajasikia sheria yoyote inayokataza kugawa chakula kilichoiva. Basi kila mwanamke akarudi jikoni kwake, akawasha kuni zake za kibali chake. Kabla ya saa saba mchana, masufuria thelathini na moja yalikuwa yameingia uani, yakitoa mvuke. Jiko la mfiwa halikuwashwa siku zote tatu za matanga. Waombolezaji walikula wakashiba, na msitu haukupungukiwa na hata kijiti kimoja.

Kwa mjane, kwa binti na mtoto wake mchanga, kwa mama mkwe, kwa dada wa marehemu na kwa walinzi wenzake, kituo hiki kinatoa pole nyingi. Mungu awape subira. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni neno gani tunamwekea mtu hadi hasira zipoe, kana kwamba yeye ameahidi kusubiri?

Mama bado anarudisha masufuria. Yamebaki kumi na mawili, na anapita mlango kwa mlango, peke yake. Akibisha hodi kwako, usipokee sufuria tu ukafunga mlango. Mvutie kiti.