Mwalimu Haitham Bakar na Vyura Wawili Wenye Pembe

Assalaamu alaykum wazee, ndugu na jirani. Mimi ni Jabir, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Haitham Bakar Silima.

Marehemu alizaliwa hapa Ole tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa Mzee Bakar Silima na Bi Rahila, akasoma Kurani chuoni, kisha skuli, na mwaka 1985 akaanza kusomesha bayolojia Chake Chake. Mwaka 1990 alimuoa Bi Mwanapili, wakajaaliwa Asma, Talib na Asya. Bi Mwanapili ni shahidi kwamba chura akiingia chooni mwao hakufukuzwa kwa fagio, alibebwa kwenye kopo mpaka nje, kwa heshima zote za mgeni.

Mwaka 1994 alikwenda Ajentina kwa shahada ya pili, akapewa kazi ya kulinganisha aina mbili za vyura wenye pembe, ndugu wa karibu, wanene, kinywa kipana kama pochi, mmoja ana pembe fupi juu ya macho na mwenziwe ndefu zaidi. Profesa alimtaka awaue na kuwapasua, yeye akakataa, kwa kuwa tumefunzwa tangu chuoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumuua chura, kaka akaambiwa basi afungashe virago arudi kwao. Hakufungasha. Aliomba muda kidogo, akatoa tone la damu kwa kila chura, akawarudisha matangini wazima, na kwenye hadubini akaonesha kwamba seli za damu za yule wa pembe fupi ni kubwa kuliko za mwenziwe, ishara kwamba zimebeba vinasaba vingi zaidi, na tofauti yao ikajulikana bila kisu. Profesa alikubali, na mwaka 1996 kaka akarudi na shahada yake, bila roho ya chura hata mmoja shingoni mwake. Mimi najivunia hilo kuliko shahada yenyewe.

Novemba 2024 aliumwa tumbo, madaktari wakasema lazima apasuliwe. Tulichelea atakataa, tukamzunguka kumbembeleza, akacheka, akasema, "Miye nimeulizwa, nami nimeridhia. Chura je, nani kamuuliza?" Akapasuliwa, akapata nafuu, tukala naye Idi, na Jumatano tarehe 9 Aprili 2025, saa nne asubuhi, akafariki nyumbani kwake Tibirinzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, jirani wa Tibirinzi na nyote mliomsindikiza. Kaka, Mola akurehemu, upumzike kwa amani. Nanyi wanafunzi wake, masika yameingia na vyura watabisha hodi, makopo mnayo.