Kiti cha Kushoto

Ndugu zangu wa jumuiya, mnanijua mimi ni mtu wa kuhamahama. Leo vumilieni nisimame mahali pamoja hadi nimalize.

Nilikuwa dereva wa askofu. Jina sitalitaja. Alizaliwa upande wa Ziwa, mtoto wa wafugaji, akawa mwalimu, akaenda seminari watu wakimcheka, akawa paroko kule Moi's Bridge, mwisho akapewa fimbo ya uaskofu. Hata hivyo hakukaa kiti cha nyuma. Alikaa mbele, kushoto kwangu, na kabla ya kusema neno alikohoa kidogo. "Dereva, leo umenyolewa na panga?" Barabara zile nazitamani hadi leo.

Tulipomzika nilirudisha gari peke yangu. Kengele ya mkanda ikalia, ile ya abiria aliyekaa bila kujifunga. Kiti kilikuwa kitupu. Fundi akacheka, "Ni sensa ya kiti tu imeharibika, mzee," akakata waya. Kesho yake ikalia tena. Nikanyoosha mkono nikaufunga mkanda juu ya kiti kile kitupu. Ikanyamaza.

Nawaambia, niliacha kazi siku hiyo. Nikamwacha mama watoto hapa Eldoret, nikaenda Moi's Bridge kuendesha trekta. Trekta ina kiti kimoja. Katikati ya mahindi, jua la saa sita, nikasikia kikohozi kushoto kwangu.

Kanisani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mnajua askofu akifa, katika sala ya misa padre akishamtaja Papa huliruka jina la askofu mpaka mwingine aje. Pale paliporukwa mimi nilijaza jina lake moyoni, kwa mapenzi tu. Na kila nikilijaza, bega la kushoto linapata baridi. Nikaacha misa. Usingizi nao ukaniacha. Mke wangu akatuma ujumbe: "Baba watoto, ukirudi, rudi mzima. Nusu sitaki."

Nilianguka shambani, nikapelekwa hospitali ya misheni kule Plateau. Sista mmoja mzee alininywesha uji, akanisikiliza bila kucheka.

"Unamwombea mahali gani?"

"Mahali pa askofu, Sista."

"Hapo ni pa askofu aliye hai. Unamwita kazini kila Jumapili, naye alikuwa mtu wa kuitika. Marehemu tunawakumbuka mbele kidogo. Mpeleke huko."

Jumapili, katika kanisa dogo la hospitali, padre alipofika pale paliporukwa nikafunga mdomo na moyo. Baridi ikaja. Kikohozi kikaja, kama cha mtu anayetaka kusema. Nilitamani sana kumjibu. Nikanyamaza. Tulipofika kwa marehemu nikalitaja jina lake kwa sauti, hata wa mbele wakageuka. Benchi likalia kando yangu, kama linavyolia mtu akiinuka. Hapakuwa na mtu.

Sijamsikia tena. Kuna siku upweke wa kumkosa unanichoma.

Asante Sista. Asante mama watoto, ulinifungulia mlango bila maswali. Asanteni nyinyi mlionitafutia kazi ya gari la maziwa. Ndugu zangu, anayekupenda ataitika hata akiwa amechoka kufa. Usimchoshe. Kama kuna aliye na mtu wake hapa, amtaje sasa pamoja na marehemu wetu, halafu amwache aende.