Tamar Buya na Nondo Wasiolitambua Jani la Mahindi

Mwanamke tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 7 Agosti 1999, alizaliwa hapa hapa Chara tarehe 16 Mei 1957. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yonathan Buya na Mama Keziya, wakulima wa mpunga, ndizi na mahindi kando ya mto. Tamar alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, funza waliingia ndani ya mabua ya mahindi, na shamba lote likaanguka kabla halijabeba. Keziya alitoka kwenda kuona kama kuna chochote cha kuokoa, akamkuta bintiye amechuchumaa katikati ya mabua yaliyolala, anatafuna majani.

"Wewe Tamar, umekuwa mbuzi?"

"Nataka kujua wanapendea nini," mtoto akajibu, kisha akatema.

Keziya alicheka, ingawa siku hizo hakuwa na la kumchekesha. Jina la Mbuzi likamfuata Tamar mpaka shuleni, na wapo hapa leo wanaolikumbuka.

Alisoma shule ya msingi hapa Chara, kisha akaenda sekondari ya bweni huko pwani. Mwaka 1978 aliingia chuo kikuu, Nairobi, kusomea elimu ya wanyama, na huko akachagua wadudu. Baba yake alifariki Tamar akiwa katika mwaka wake wa pili. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na alipofika nyumbani aliukuta udongo wa kaburi umeshakauka. Alirudi chuoni akamaliza, kwa sababu Keziya alimwambia hakuna la maana zaidi ambalo angeweza kulifanya akibaki.

Aliajiriwa kama mtafiti mwaka 1982, na miaka minne baadaye akaomba mwenyewe kuhamishiwa kituo kidogo cha mazao nje ya Garsen. Wenzake walimshangaa. Yeye aliona ni jambo la kawaida: funza aliokuwa akiwatafuta walikuwa huku.

Wengi wenu mlimwona na vizimba vyake vya wavu mkajiuliza anafuga nini. Alifuga nondo, vipepeo wa usiku, wale mama zake funza wa mabua. Alikuwa akieleza hivi kwa yeyote aliyemuuliza: nondo jike akishapandwa hukimbilia kutafuta mahali pa kutagia. Hutua juu ya jani, akaligusa kwa miguu na kwa ncha ya mkia wake, ambako ana vinyweleo vya kuonja. Ladha ikimridhisha, anataga. Isipomridhisha, anaruka kwenda jani jingine. Kila yai linalotuharibia shamba limeanza na mwonjo huo. Tamar aliamini kwamba uwezo huo wa kuonja mdudu huurithi kwa wazazi wake, kwamba mahali fulani ndani ya mbegu yake ya uzazi ipo jeni, yaani chembe ya urithi, inayomwezesha kuonja, na kwamba jeni hiyo ikiharibika, nondo atapandwa vizuri, atajaa mayai, lakini hatajua ayaweke wapi. Kwa kadiri alivyojua, hakukuwa bado na mtu yeyote duniani aliyeionyesha jeni ya namna hiyo kwa mdudu.

Katika kutengeneza vizimba hivyo ndipo alipokutana na Enos Chengo, seremala wa Garsen. Enos alileta fremu za kwanza, akatazama pande zote za kituo, akasema, "Dada, hawa wadudu wana nyumba ishirini, na wewe una chumba kimoja?"

"Wao ni wengi," Tamar akasema.

"Basi na wewe ongezeka."

Tamar alikuwa akiisimulia posa hiyo kwa kicheko kila mara. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, na mwaka 1989 Mungu akawapa binti yao, Jumwa.

Mwaka 1991 alimwona jike aliyekuwa akimsubiri. Ndani ya kizimba kilichowekwa mmea mbichi wa mhindi, jike huyo alitembea juu ya jani kama anayetembea juu ya jiwe, akaenda kutaga mayai yake kwenye wavu. Tamar aliyaokota kwa brashi laini, akayalea. Baadhi ya binti za nondo huyo walikuwa hivyo hivyo. Alichagua hao, akawazalisha, akachagua tena, kizazi baada ya kizazi. Kufikia mwaka 1997 alikuwa na ukoo mzima wa nondo wasiolitambua jani la mhindi. Shambani, mayai yao yangeangukia popote, na funza wao wangekufa kwa njaa kabla ya kulifikia bua. Ukoo huo ulikuwa katika vizimba vyake tu. Alijaribu mara mbili kupeleka mayai Nairobi katika kisanduku cha barafu, na mara zote mbili yalifika yameshapikwa na joto.

Mwezi wa Novemba mwaka huo, mvua za El Nino zilijaza mto, na maji yakaja usawa wa madirisha ya kituo. Boti iliyokuja kuokoa watu iliwaruhusu kila mmoja na mzigo mmoja. Enos alimbeba Jumwa, na nafasi ya mzigo wake akampa Tamar. Tamar alibeba vizimba vinne vya ukoo ule alivyovifunga pamoja, na mabegani akaning'iniza gunia la chakula cha funza. Nguo zao, vitanda na vifaa vya seremala vilibaki majini.

Walifikishwa kwenye mwinuko kando ya barabara, ambako familia nyingi zilikuwa zimekwama. Barabara ilikuwa imekatika pande zote mbili, na chakula cha msaada kilikuwa hakijafika. Jirani yao pale alikuwa Sadia, mama wa Kiorma ambaye mume wake, Guracha, alikuwa amepoteza karibu ng'ombe wote. Sadia alikuwa na mtoto mdogo wa kike, Bishara. Kila asubuhi alimtazama Tamar akichota unga kutoka kwenye gunia na kuukoroga kwa ajili ya funza.

Hatimaye akaja, akasimama.

"Mama Jumwa, hiyo unga ya dudu. Mtu akikula nakufa?"

"Hafi," Tamar akasema. "Ni maharagwe yaliyosagwa, na maziwa ya unga, na sukari."

"Basi kwa nini dudu nakula na mtoto hapana kula?"

Sadia hakuuliza kwa ukali, na hilo ndilo lililomshinda Tamar. Alimtazama Jumwa, ambaye tangu siku iliyotangulia alikuwa hajala kitu, na ambaye hakuwahi kumwomba hata mara moja kutoka kwenye gunia lile, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kwamba kile si chakula cha watu. Enos alikaribia akamwambia kwa sauti ya chini, "Ukiwapa watoto, Tamar, basi. Hakuna kingine cha kuwalisha funza."

"Najua. Washa moto."

Alipika uji wa unga ule, akawagawia watoto wote wa mwinuko ule, wakubwa wakiwa wamewabeba wadogo, mpaka gunia likakung'utwa. Ndani ya vizimba funza walianza kulana. Waliobaki waligeuka nondo wadogo, dhaifu, na mayai waliyotaga hayakuanguliwa. Tamar alikaa mbele ya vizimba hivyo hata baada ya kuwa vitupu, na Enos akamwacha akae.

Lingekuwa jambo la kufariji kusema kwamba uji ule uliwaokoa wote. Bishara alikunywa sehemu yake, akaichangamkia, na kabla ya msaada kufika alishikwa na kuhara akafa. Walimzika penye udongo uliokuwa haujalowa. Sadia alikuja baadaye kumshika Tamar mkono. "Uji yako alipenda," alisema.

Maji yalipopungua, Tamar alianza upya. Mwaka mzima wa 1998 alizunguka mashamba kuanzia Hola hadi Kipini akikamata majike, akiwaweka vizimbani na mhindi mbichi, akitazama. Kila mmoja aligusa jani, akalitambua, akataga mahali pake sawasawa. Kisha ukaja ukame, mahindi yakakosekana hata ya kuwapa nondo. Mwanzoni mwa mwaka huu kituo kilifungwa. Mfanyakazi mwenzake kutoka makao makuu alipomwambia kwamba jike kama yule atapatikana tena, Tamar alimjibu kwa upole: "Nilimwona mmoja katika maisha yangu."

Mwezi wa Machi miguu yake ilianza kuvimba. Kufika hospitali kulitegemea msafara wa magari yenye ulinzi, kwa sababu ya majambazi njiani, na alisubiri Garsen akizidi kuchoka. Daktari alisema figo zote mbili zimeshindwa, na kwamba wamechelewa. Alihamishiwa Mombasa. Enos alikaa naye muda wote, na katika wiki ya mwisho akamuuliza angependa watu waambiwe nini siku ya maziko.

"Waambie nilichofanya."

"Niwaambie pia kazi yako itaendelezwa?"

"Hapana. Usiwaambie hivyo, Enos. Haitaendelezwa, na wewe unajua."

Enos alilia, akakubali. Ndiyo maana leo hatusemi hivyo. Tamar alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Agosti 1999, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Ameacha mume, Enos Chengo. Binti mmoja, Jumwa, mwenye miaka kumi. Mama yake mzazi, Keziya, ambaye sasa amezika mume na mtoto. Kaka wawili na dada mmoja. Sadia na Guracha wametoka mbali kuwa pamoja nasi, nao tunawahesabu katika wafiwa. Vizimba viko kwa Enos, vitupu. Swali aliloishi nalo tangu utotoni, la kwamba funza wanapendea nini, limebaki, na hapa kwetu hakuna wa kulichukua.

Bwana ampe Tamar pumziko, na amani aliyoikosa katika miaka yake ya mwisho.