Sweta la Manjano la Mama Kuku

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mtunzaji wetu wa vifaranga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara hii. Sote tunamwita Mama Kuku. Ni mwanamume, tena mwenye ndevu na wajukuu wanne, na mgeni anayeulizia Mama Kuku getini akionyeshwa yeye hubaki ameduwaa. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye kazi yake ni kurekodi majaribio nyuma ya kioo, aliduwaa siku ya kwanza na hajazinduka hadi leo.

Tunachunguza jinsi ubongo unaotosha kwenye kijiko cha chai unavyoweka jambo maanani, unavyolikumbuka na unavyoamua. Kifaranga wa siku tatu huonyeshwa punje ikifichwa nyuma ya kibao cha bluu au cha manjano, hufunikwa kikapu kwa dakika moja, kisha huachiwa achague. Wengine huenda moja kwa moja. Wengine husimama katikati wakigeuza jicho hili, kisha lile, kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Mama Kuku aliwajua wote arobaini wa kila kundi mmoja mmoja, ingawa miwani yake tulimtafutia kila siku, na kila siku ilikuwa kichwani pake.

Kuna wakati vifaranga walitushinda. Hata walipoiona punje ikiwekwa nyuma ya bluu, walikimbilia manjano. Baada ya miaka miwili ya majaribio, Mkuu wa maabara aliandika ripoti kwamba kwao rangi ina nguvu kuliko kumbukumbu. Ndipo Mama Kuku akaenda likizo. Waliototolewa wakati huo wakalelewa na mwandishi huyu, mwenye koti jeupe, nao wakawa wanaifuata punje ilipo bila kukosea. Tulichanganyikiwa. Tulibadilisha taa, tukabadilisha chakula, na mwandishi akaamriwa kuhesabu upya mara tatu kwa sababu ilidhaniwa kwamba amesinzia kazini.

Mama Kuku aliporudi alivitazama vibao, kisha akajitazama kifuani. Alikuwa amevaa sweta la manjano alilofumiwa na shemeji yetu, mkewe, ambalo kwa kila kundi hakulivua tangu mayai yapasuke hadi siku ya jaribio. Kifaranga humshika kuwa mama yule anayemwona wa kwanza akitoka kwenye yai. Vifaranga hawakuwa wamesahau punje. Walikuwa wanamkimbilia mama yao.

Hakuna mwingine aliyekuwa amegundua, na ripoti ilikuwa iondoke Jumatatu. Angeweza kufunga mdomo. Badala yake alikwenda ofisini kwa Mkuu, akasema aliyeharibu kazi ni yeye, na kama atafukuzwa basi aruhusiwe kwanza kuwapa vifaranga chakula chao cha saa nane. Mkuu aliichana ripoti. Tukaanza upya kazi ya miaka miwili, sweta likaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kazi inayotupa heshima leo ni ile ya marudio.

Jumanne wiki hii mayai yake ya mwisho yalipasuka. Tulikuwa tumeandaa kamera ili apigwe picha akiwapokea. Akampa mtunzaji mpya ufunguo, akatoka, akasimama kwenye korido. Hatukuelewa. Wengine walidhani amekasirika, na mpishi wa kantini akaja kuuliza nani kamuudhi. Mwishowe alieleza, bila kutuangalia, kwamba wakimwona yeye kwanza watamtafuta Jumatatu, na nani atawaambia? Sauti zao zilisikika hadi nje. Mkuu alimletea kiti, naye akakaa hapo akisikiliza mpaka saa saba mchana. Hakuchungulia hata mara moja. Mwandishi huyu alilia, na haoni haya kuandika hivyo.

Asante, Mama Kuku, kwa mikono yako na kwa ukweli wako. Sweta tumelitoa kwenye msumari na kulifunga vizuri. Livae upendavyo, nyumbani hakuna majaribio. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiochoka kukufuata. Vifaranga wa Jumanne hawakujui, na wanaendelea vizuri kama ulivyotaka. Sisi je? Jumatatu ukipita hapa utatukuta tumesimama katikati, tukigeuza jicho hili, kisha lile. Sisi tulishakuona.