Babatunde wa Njombe

Chacha, mlinzi mwenye mvi, alikwisha kulitangazia basi zima la Al Garhoud, Dubai, kwamba kwao ni Tarime. Sasa akamuuliza mama wa Njombe aliyempakata mtoto kando yake: “Mwanangu, kijana anaitwa nani?”

“Babatunde, baba. Mume wangu Myoruba wa Nigeria. Kwao mvulana akizaliwa baada ya babu kufa huitwa hivyo. Maana yake baba amerudi.”

“Ukweni tu! Na mzee wako wa Njombe je?” Alifoka kana kwamba mahari ilikuwa yake.

“Baba mkwe yu hai. Ndiye aliyechagua jina, aliposikia madamu ninayemfanyia kazi amenikatalia kwenda kumzika baba yangu.”

Basi liliposimama kituoni kwake, Chacha akavua kofia, akamwinamia mtoto.

“Shikamoo, mzee.”