Erna Davidovna Lang, Aliyepima Hewa ya Oskemen (1951–2023)

Marehemu Erna Davidovna Lang alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha bonde la mto Ulba, karibu na Oskemen, mtoto wa kwanza wa mzee David Gerber na mama Lidia. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Volga, waliosombwa na serikali wakati wa vita kwa mabehewa ya mifugo mwaka 1941 na kushushwa huku, chini ya milima ya Altai. Miaka minne baada yake alizaliwa Rudolf, anayesoma wasifu huu.

Alianza shule kijijini, akamalizia mjini. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu aliuliza kwa nini moshi wa kiwanda hupanda wakati wa kiangazi lakini wakati wa baridi hulala juu ya mapaa. Erna alijibu kwamba baridi hujaa bondeni kama maji kwenye beseni, na hewa ya joto huja kukaa juu yake kama kifuniko. Mwalimu alimwambia aketi, maana alikuwa amemmalizia somo. Mwaka 1971 alihitimu chuo cha hali ya hewa huko Siberia.

Alirudi kuajiriwa katika kituo cha hali ya hewa cha hapa mjini, akafanya kazi miaka thelathini na minane. Kila alfajiri, Novemba hadi Machi, alisoma vipimajoto, akatazama upepo, akavuta hewa kwenye mirija yake ya kioo. Upepo ulipolala, aliandika ilani ya hewa chafu. Ilani ikitoka, kiwanda cha kuyeyusha madini kilitakiwa kupunguza moto, na shule hazikuruhusiwa kuwatoa watoto nje.

Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Edmund Lang, dereva wa lori. Mwaka 1976 walijaliwa binti, Irma, aliyekuwa na pumu tangu utotoni. Marehemu alimshonea barakoa za flaneli na kuzitarizi maua, ili wenzake wazionee wivu badala ya kumcheka. Wawili walimwomba awashonee na wao.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 27 Desemba 1985, upepo ulikuwa umelala. Rudolf, aliyekuwa msimamizi wa zamu ya tanuri kiwandani, alifika kituoni kabla dada yake hajapiga simu ya ilani. Zamu yake ilikuwa imebakiza siku nne kufikisha lengo la mwaka, na wakifikisha, familia sita zingepewa nyumba, yake ikiwamo. Alikuwa anaishi na mke na watoto wawili katika chumba kimoja cha bweni. Alimsihi aicheleweshe ilani.

"Rudolf, upepo umelala," dada yake alimwambia.

"Basi andika upepo uko macho, dada. Mpaka jioni tu. Nani atakufa kwa siku moja?"

Marehemu aliandika kwamba upepo ulikuwa unavuma mita mbili kwa sekunde. Moto haukupunguzwa. Saa nne, darasa la Irma lilitolewa kwenda kuteleza kwa ski kando ya mto. Irma alianguka kwenye mzunguko wa pili. Gari la wagonjwa lilipita mahali pale mara mbili bila kuwaona kwa ukungu wa moshi. Alifariki saa saba na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka tisa. Saa tisa, marehemu alitoka hospitali kwa miguu, akarudi kituoni, akaiandika ilani.

Familia ya Rudolf ilihamia nyumba yake mwezi wa Mei. Marehemu alikuja na keki ya makombo ya siagi, akala pamoja nao, akauliza ni dirisha gani linatazama kiwanda.

Hakuchelewesha ilani nyingine. Kila baridi alilaaniwa, hasa sherehe za watoto za Mwaka Mpya zilipofutwa. Jirani yake Tamara alizoea kumsimamisha ngazini: "Davidovna, leo umetupangia nini, tupumue au tusipumue?" Naye alimjibu kwa kumtajia kipimo cha siku hiyo.

Mwaka 1993, wakifunga mizigo kuhamia Ujerumani, alimweleza mumewe habari ya asubuhi ile. Edmund alisafiri peke yake. Marehemu alistaafu mwaka 2009.

Mwaka 2019 madaktari walimwambia mapafu yake yamekakamaa na asikae mjini wakati wa baridi. Rudolf alimwomba ahamie kwake milimani, alikojenga nyumba baada ya kustaafu, mahali ambapo hewa ni safi. Marehemu alisema, "Irma hakupelekwa huko." Alifariki Jumanne, tarehe 10 Januari 2023, saa moja asubuhi. Mji ulikuwa siku ya tano chini ya ilani.

Wasifu huu marehemu aliuandika mwenyewe Oktoba iliyopita. Aliagiza usomwe na ndugu yake, wala si mtu mwingine, mbele ya wajukuu wa ndugu huyo, pasirukwe neno.

Rudolf ameongeza habari za kifo chake na haya tu. Alimwuliza dada yake mara mbili kama amemsamehe. Mara ya kwanza alikuwa usingizini. Mara ya pili alikuwa macho.

Ameacha mume, Edmund, aliyeko Ujerumani, ndugu, Rudolf, wapwa wawili na wajukuu watano wa ndugu yake. Anazikwa kando ya Irma.

Mungu ampe pumziko na amani.